Changia Joka Langu

Mwezi uliopita nilimtumia shemeji yangu wa Tabata ujumbe mrefu wa heshima. Nilimweleza kwamba nimemaliza kuandika riwaya, kwamba nahitaji shilingi 2,300,000 za kuichapa, na kwamba akichangia 15,000 nakala yake nitamletea mwenyewe hadi mlangoni. Akaniuliza maswali mawili tu. Ukumbi gani? Na chakula kitakuwepo?

Siku mbili sikumjibu. Ya tatu nikamwambia hakuna ukumbi wala chakula, kuna kitabu. Akaandika, "Sawa shemeji, tuko pamoja." Kama umeishi Dar es Salaam unajua maana ya tuko pamoja. Maana yake usinipigie tena.

Na shemeji si mchoyo, naomba nieleweke. Mwaka jana kwenye kikao cha harusi ya binamu yake, pale Sinza, alisimama akaahidi laki tatu, watu wakapiga makofi, akaongeza hamsini kwa ajili ya makofi. Mimi mwenyewe kwenye droo nina kadi saba za mchango za mwaka huu peke yake: harusi nne, sendofu mbili, kipaimara kimoja. Single elfu hamsini, double laki moja. Nimechangia ndafu, nimechangia matarumbeta, nimechangia keki yenye chemchemi ya maji katikati. Nimechangia ndoa ambazo hata bwana harusi alikuwa na wasiwasi nazo. Hakuna siku niliyomwona mtu anainuka kikaoni na kusema, "Samahani mwenyekiti, hii ndoa inahusu nini?" Lakini karibu kila ninayemwomba elfu kumi na tano ya kitabu, swali la kwanza ni hilo.

Haya, kinahusu joka.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda Lindi na Mtwara kwa barabara alivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ikigoma alilala palepale na mbu. Katika riwaya yangu pantoni ilikuwa inagoma kwa sababu chini ya mto kuna joka, nalo lina ushuru wake: kuku, mbuzi, siku nyingine nahodha. Serikali ikajenga daraja la karibu kilomita nzima, mabasi yakaanza kupita juu kwa juu bila hata kusalimia, joka likabaki na njaa. Hapo ndipo hadithi inapoanza. Watu wa vitabu wanaiita fantasia. Nilijaribu kulitumia neno hilo mtaani, muuza duka akanifungulia soda.

Mjomba wangu wa Kigamboni yeye alikataa tangu mwanzo. Alisema majoka ni mambo ya Wazungu. Nikamuuliza, Shaaban Robert alikuwa Mzungu? Kusadikika ya mwaka 1951 ni nchi inayoelea angani. Adili na Nduguze, mwaka mmoja baadaye, kuna watu wawili wamegeuzwa manyani na kila usiku wanachapwa. Fumo Liongo wetu hafi mpaka achomwe sindano ya shaba kitovuni. Nikamwambia, mjomba, sisi tulikuwa na mambo haya kabla hatujawa na barabara ya lami. Mjomba akanisikiliza hadi mwisho, akakoroga chai, akauliza, "Sasa hao na wao walichangisha?"

Kosa la kuchangisha ni la mpwa wangu. Ndiye aliyenionyesha kwenye simu habari za Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani wa hadithi za aina hiyo. Wakati wa korona bwana yule aliandika kimyakimya riwaya nne za ziada, kama mtu mwingine anavyopika maandazi ya ziada. Machi 2022 akawaomba wasomaji wake dola milioni 1 kupitia mtandao wa kuchangisha wa Kickstarter, kwa siku 30. Wakampa zaidi ya milioni 41. Watu zaidi ya 185,000 walitoa mifukoni mwao kwa vitabu ambavyo mwanzoni hata majina walikuwa hawajaambiwa. Hakuna aliyeuliza ukumbi.

"Mjomba," mpwa akasema, "wewe chukua asilimia moja tu ya hiyo."

Usiseme maneno kama hayo mbele ya mwandishi saa nne usiku. Asilimia moja ni dola 410,000. Kwa shilingi ni kama bilioni moja. Mpaka alfajiri nilikuwa nimeshanunua kiwanja Bunju, nimejenga, nimegombana na fundi wa vigae. Kulipokucha tukaingia Kickstarter kujiandikisha. Wanakuorodheshea nchi ambazo mtu anaweza kuanzisha mchango wake akiwa huko. Nilishuka orodha nzima na kidole, nikapanda, nikashuka tena. Tanzania haikuwemo. Kiwanja cha Bunju kikarudi kwa mwenyewe.

"Basi fungua grupu," akasema mpwa.

Tukafungua. Tuliwaingiza watu 214. Ndani ya saa moja 61 walikuwa wamejitoa, akiwemo mpwa, ambaye alisema kidole kiliteleza. Mchango wa kwanza uliingia saa tatu usiku, 20,000, kutoka kwa jirani yangu wa zamani kule Ukonga. Nilifurahi nusura niamshe nyumba. Chini ya muamala ameandika: "Poleni sana kwa msiba, Mungu awatie nguvu." Hakusoma. Aliona grupu jipya, akaona namba ya kutuma, akajua kuna aliyefariki. Sikumrudishia. Namwomba radhi hapahapa, na nakala yake ipo palepale.

Baada ya hapo kimya cha wiki nzima. Ndipo nikawakumbuka wenzangu.

Tuko sita tunaojichapia wenyewe hadithi za majini, majoka na miji iliyozama. Wawili nilikutana nao Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, tulipokwenda kuomba ISBN. Waliobaki waliletwa na hao wawili. Mkubwa wetu ni mzee mstaafu wa reli, ambaye kila tukilalamika hutukumbusha kwamba Ben Mtobwa hakumlilia mtu, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Heko akachapa. Ni kweli. Tukimuuliza mzee mbona yeye hajaanzisha ya kwake, anabadilisha mada.

Kanuni yetu ni moja na haijaandikwa popote: nipigie debe nikupigie. Mnajua kazi ya mpiga debe. Anaita Mbagala, Mbagala, Mbagala, mpaka koo linakauka, gari linajaa, linaondoka, yeye anabaki kituoni na mia tano yake. Ndiyo kazi niliyoifanya mwezi mzima, asubuhi na jioni, kwenye grupu langu mwenyewe nililolifungua ili kuchangisha kitabu changu mwenyewe.

Nilianza na mwalimu mmoja wa Temeke, mtu wa Pemba, aliyeandika riwaya juu ya popobawa, lile jini la usiku, na ule mtafaruku wa 1995 watu walipolala nje kwa kuliogopa. Nasema kweli, hiki ni kitabu kizuri. Kuna sura moja familia nzima imelala nje kwenye jamvi, wamebanana, na kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake kujua kama bado ni za mwenzake. Niliisoma mchana na bado niliwasha taa. Tatizo lake halihusu uandishi. Kwetu hadithi kama hiyo haisomwi kama fantasia, inasomwa kama taarifa. Msomaji mmoja alimpigia mwalimu simu kumsahihisha: "Nilikuwepo. Hakuja saa nane, alikuja saa tisa."

Yupo dada mhasibu aliyeandika juu ya Kilwa Kisiwani, mji mwingine mzima ukiwa chini ya bahari, na masultani wake wanatawala na samaki. Kaanza tangu Ibn Battuta anafika 1331. Kina kurasa 412, na katika hizo kama 90 ni nasaba: fulani bin fulani bin fulani. Niliandika, "Kitabu chenye mizizi." Mwenyewe alifurahi sana.

Yupo kijana wa Gongo la Mboto anayeandika kwa simu na kuuza vipande vipande. Amefika sehemu ya 148. Shujaa wake alitumbukia kisimani tangu Ramadhani, na ukitaka atoke unatuma shilingi 1,000. Kila kipande kinaishia mlango unafunguka. Nimekwishatuma mara nne, mtu yuko kisimani. Kwake niliandika, "Hutaujua mwisho." Ni ukweli mtupu.

Mzee wa reli ana treni ya mizimu inayotoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, na humo kila mzimu unashuka kituo chake kwa wakati. Ni ratiba yenye majina ya watu. Nilisifu mpangilio.

Wa tano sikuwa nimemsoma. Ndiyo, naungama. Alinipa kitabu Jumatatu, Jumatano akataka sifa. Nikaandika kwamba kinasisimua, hasa katikati. Usiku akanipigia.

"Kaka, katikati wapi?"

"Pale katikati kabisa," nikasema.

"Kuanzia ukurasa wa 97 hadi 112?"

"Hapohapo."

"Hizo kurasa zimechapwa kichwa chini, kaka. Nakala zote mia mbili."

Nikamwambia ndiyo maana zikanisisimua. Akanyamaza, kisha akasema asante. Mwandishi anayejichapia hana ubavu wa kukataa sifa, hata ikiwa ya uongo na imeshikwa ugoni.

Nao walinilipa. Mwalimu aliandika kwamba joka langu "limetulia." Dada mhasibu alisema kitabu kina kurasa za kutosha. Kijana wa kisimani aliandika kwamba mimi ni moto wa kuotea mbali, akaweka alama za moto kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma mswada, maana mswada ulikuwa kwenye kompyuta yangu na kompyuta ilikuwa kwa fundi.

Na kila mmoja akanitumia 10,000.

Nikampelekea mke wangu habari hiyo kama mtu aliyeleta kuku nyumbani. Mke wangu anauza vitenge. Hesabu kwake si maneno. Akachukua mfuko mtupu wa unga, akageuza, akaandika kwa kalamu ya mtoto.

"Wamekutumia wangapi?"

"Watano. Elfu hamsini."

"Na wewe umewachangia vitabu vyao?"

"Wote watano. Elfu kumi kumi."

Akachora mstari chini. "Imeingia hamsini, imetoka hamsini. Na makato ya kutuma?"

Sikuwa nimeyahesabu makato.

"Mume wangu," akasema taratibu, "huu si mchango. Huu ni mchezo. Tena mchezo usio na kijumbe."

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Sisi sita tuna noti moja ya elfu kumi. Imetoka kwangu ikaenda Temeke kwa popobawa, ikaenda Kilwa chini ya bahari, ikaingia kisimani, ikapanda treni, ikasomwa kichwa chini, ikarudi kwangu imechoka. Kila inapopita, kampuni ya simu inaibana shavu kidogo. Tukiendelea hivi miaka miwili waandishi wote tutakuwa tumechangiana sana, na aliyechapa kitabu atakuwa yeye wa mnara.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni jingine. Debe langu lilisikika.

Katika wale 153 waliobaki kwenye grupu, watu walikuwa wanasoma kumbe, kimya, bila hata kuweka kidole gumba. Siku moja namkuta mama mdogo kibarazani Magomeni, miwani puani, anasoma popobawa. Kainunua. Nauliza kaitoa wapi. "Si wewe uliyesema ni nzuri?" Binamu yangu wa Mwanza kaagiza mbili. Shemeji wa Tabata, yuleyule wa ukumbi, ananipigia Jumapili mwenyewe, sauti imechangamka: "Shemeji, ile ya popobawa nimeirudia mara mbili. Yule mwalimu anajua! Na wewe ya kwako lini?"

Nikamwambia ya kwangu inasubiri mchango.

"Aa," akasema. "Tuko pamoja."

Nikaenda Kariakoo kwa mchapaji, angalau nijue hesabu kamili. Kakaa nyuma ya lundo la kalenda za mwaka ambao umeshapita. Hakuuliza kinahusu nini. Ndiye mtu pekee tangu nianze ambaye hakuuliza, na nilimpenda kwa hilo. Aliuliza kurasa ngapi.

"Mia mbili arobaini na saba."

Akatikisa kichwa kama daktari. "Sisi tunakwenda kwa kumi na sita kumi na sita, bosi. Karatasi moja kubwa, nane huku, nane huku, inakunjwa. Kumi na sita mara kumi na tano, mia mbili arobaini. Mara kumi na sita, mia mbili hamsini na sita. Ama punguza saba, ama utakuwa na tisa tupu mwishoni. Na karatasi tupu unalipia."

Kupunguza saba nisingeweza. Nikarudi nyumbani na kurasa zangu tisa tupu, nikafanya jambo ambalo mtu mzima hafanyi: nikawaambia wenzangu. Nilidhani ni wema. Nilisema, jamani, nyuma ya riwaya yangu kuna nafasi, kila mmoja aweke tangazo la kitabu chake, msomaji wa joka ajue na nyie mpo.

Watano. Kurasa tisa. Kila mmoja akataka kurasa mbili.

Mabishano yalichukua siku nne. Dada mhasibu alipendekeza zigawanywe kwa uwiano wa kurasa za vitabu vyetu, na kwa kuwa cha kwake kina 412 kila mtu alijua anakwenda wapi. Kijana wa kisimani alitaka ukurasa mmoja kati ya mbili zake uwe wa mwanzo wa kitabu, kabla ya jina langu. Mzee wa reli alisema yeye ni mkubwa kwa umri na hakusema zaidi. Bwana wa kichwa chini aliomba mbili kwa sababu alishaonewa na kurasa kumi na sita, na kwa kweli hapo hatukuwa na jibu. Mwalimu wa popobawa, ambaye sasa ana pesa, alisema chochote tutakachoamua ni sawa, akatuma mbili.

Ikawa kumi. Kumi na mia mbili arobaini na saba ni mia mbili hamsini na saba, na mashine haiijui huruma. Ikabidi ukurasa mmoja utoke kwangu.

Kwenye mswada joka langu lilikufa kwa kurasa nne. Niliziandika usiku mmoja, na nililia. Mke wangu ni shahidi, ingawa yeye anasema ni vitunguu. Sasa linakufa kwa kurasa tatu. Ulioondoka ndio ule lilipoinua kichwa juu ya maji, likalitazama daraja mara ya mwisho, likasema neno. Mahali pake pana ratiba ya treni ya mizimu.

Hadi leo asubuhi nimefikisha 1,740,000. Humo mna ishirini ya msiba. Imebaki laki tano na sitini, na mchapaji ananihifadhia karatasi hadi mwisho wa mwezi. Namba ya kuchangia iko chini ya safu hii, single ni nakala moja, double nakala mbili, na ukumbi ni sebuleni kwako.

Au kama bado hujaamua, mwalimu kaniachia nakala nne za popobawa nimuuzie. Ziko juu ya friji. Shilingi 8,000 moja. Njoo na pesa kamili, chenji sina.